Samaki Wawili Ndani ya Kibuyu cha Maziwa

Raheli mwanangu,

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba barua huanza kwa salamu, hata kama unayemwandikia yuko hatua ishirini tu kutoka ulipoketi. Basi nakusalimu. Mimi mzima, bibi yako mzima isipokuwa goti, ng'ombe wazima. Nakusikia hapo kwenye mfereji unafua nguo za safari pamoja na shangazi yako, mnacheka. Jua bado liko juu ya migomba. Nimeanza mapema kwa kuwa mkono wangu ni mzito na macho yangu hayaelewani na kibatari. Nimewaambia nachambua maharage. Maharage yapo kweli, nimeyaweka miguuni, mtu akiingia nayashika.

Kesho asubuhi unaondoka. Mchungaji atakuombea, na mimi hapo mlangoni nitachukua funda la maziwa nikutemee kifuani, kama mama yangu alivyonifanyia siku nilipotoka kwake. Lakini unajua kwetu mzazi hambariki mtoto huku ameficha neno juu yake tumboni. Anaweza kutema, nguo italowa, na hakuna zaidi. Mimi nina neno, Raheli. Nimelificha miaka mitatu. Naliandika leo ili ulijue kabla ya kesho, kisha uamue mwenyewe kama utaipokea baraka yangu au utaiacha.

Habari za kula na kulala na kufunga sanduku sitaandika. Mke wa Daktari, yule Mzungu wako wa samaki, ameniahidi atakutazama kama wake, na mwanamke yule nimemwamini tangu nilipomwona akichukua ndizi ya moto kwa mkono bila kusubiri uma. Ila zile soksi za sufu ziko chini kabisa ya sanduku, upande wa kushoto. Hilo tu, nimemaliza.

Nianze na furaha, maana ni nyingi kuliko hilo lingine.

Wiki tatu hizi tumekuwa tukipanga siku moja. Safari yenyewe ni ya miezi, na hiyo ameipanga Daktari na vitabu vyake. Wewe na mimi tumepanga ile siku ya kwenda kuona nyumba ya samaki huko Japani, ile iliyojengwa ufukweni, ambako Daktari anataka umchoree samaki wakiwa hai. Nakushukuru kwamba ulinipa nafasi katika mpango huo. Ungeweza kuupanga na Daktari, anayejua. Ukaja kuupanga na mimi nisiyejua hata bahari inaanzia wapi.

Siku ile ya kwanza ulichota maharage kwenye ungo wangu ukayapanga sakafuni. Hili Arusha, ukasema, hili Moshi, hapo tunapanda gari la moshi, hili Tanga. Kisha ukasogea mpaka karibu na mlango ukaweka Bombei, ukatoka nje kabisa ukaweka Japani pale kuku wanapochakura.

"Na hapa katikati pasipo na harage?" nikakuuliza.

"Maji, mama."

"Yote hayo?"

"Yote."

"Basi rudisha Japani ndani, kuku wataila."

Ulicheka mpaka bibi yako akauliza kutoka chumbani kuna nini. Mimi nilicheka pia, lakini nilikuwa natazama ile nafasi isiyo na harage. Baba yako alikwenda pwani mara moja, na mzigo wa watu kichwani, akarudi na homa iliyommaliza kabla hujaota meno. Njia ni ileile. Najisemea kila siku kwamba yeye alikwenda na mzigo na wewe unakwenda na penseli, na hiyo haiwezi kuwa safari moja. Siku nyingine najiamini.

Kisha ukanionyesha ile picha ya posta aliyoletewa Daktari. Nyumba nyeupe, paa lake limepinda ncha kama pembe za ng'ombe, na bahari imefika mlangoni kama mfereji wetu unavyofika mlangoni. Ukaniambia ndani ya nyumba kuta ni vioo, na nyuma ya vioo kuna maji, na ndani ya maji samaki wanaishi. Nikauliza, je, kioo kikivunjika? Ukasema hakivunjiki. Nikasema kila kioo nilichokiona misheni kimevunjika. Ukasema, "Basi nitasimama karibu na mlango, mama," nikapumua kidogo.

Ndipo nikauliza swali ambalo sikujua lingenifikisha wapi. Nikauliza, "Nani anawalisha?"

Ukajibu bila kuinua macho, kama mtu asemaye jambo la kawaida, "Wapo watu wao. Wanawafuga."

Niliondoka nikasema nakwenda kutazama mbuzi. Hukuniuliza. Mbuzi walikuwa wamefungwa na wametulia. Nilisimama zizini nimeshika mti wa boriti, kwa sababu neno hilo nilikwisha lisikia kinywani mwako kabla, ulipokuwa na miaka minane, na sikulisikia.

Sijui unakumbuka kiasi gani. Ngoja nikueleze mimi, maana niliyekuwa mkubwa ni mimi.

Tulikuwa mtoni wanawake sita tunafua, wewe unacheza kule chini penye kina. Ukaja mbio umekumbatia kibuyu changu cha maziwa, kile alichonipa mama yangu, nilichokuwa nakisafisha kwa kaa la moto kila asubuhi ili maziwa yanukie. Nilidhani umekitia maji tu, nikawa tayari kukugombeza kidogo. Ukanifungulia nione. Humo ndani mlikuwa na samaki wawili, wadogo kama vidole vyako, wanazunguka.

Wewe umekua na watu wa misheni, umewaona wakila samaki wa kopo, kwako ni kitu cha kuchekesha. Kwetu sisi wakati ule samaki alikuwa nyoka wa maji. Hagusi chungu cha mtu, sembuse kibuyu cha maziwa. Na wewe umesimama pale, meno mawili ya mbele hayapo, unasema, "Nimekuja nao niwafuge, mama."

Mama Nayo, jirani yetu, ndiye aliyeanza. "Awafuge? Na jioni atamkamua yupi?"

Mwingine akasema, "Mtengenezeeni zizi," wakacheka wote. Kisha mmoja, sikuona nani, akasema polepole, "Lakini kibuyu si cha nyumba ile? Wanakunywea humo?"

Hapo ndipo nilipokosea, Raheli. Sikukutazama wewe, niliwatazama wao. Nikaona tayari wanajisogeza mbali nami, mjane kijana, mgeni katika ukoo, na sasa nyumba yake ina nyoka kwenye maziwa. Nikakinyakua kile kibuyu nikakipiga juu ya jiwe. Kisha nikasema kwa sauti, ili wasikie wote na wajue mimi si mwenzako, "Huyu mtoto anakula nyoka. Nimemkanya siku nyingi. Anakula nyoka huyu."

Ulikuwa hujala chochote. Sikuwa nimekukanya siku yoyote. Uliinama ukawa unawaokota wale samaki kwenye changarawe, mmoja mmoja, unawarudisha mtoni, na mimi nikakuvuta mkono.

Jina likakushika. Watoto walikuimbia njiani kwenda shule, Mla Nyoka, Mla Nyoka, na ulipokuja kunishitakia nilikuambia usiwasikilize. Ulinitii. Najua kwa nini nililala vizuri siku hizo. Wanawake walikuwa wamerudi kunisogelea.

Hilo unalijua, angalau nusu yake. Nililolificha ni hili linalofuata.

Unamkumbuka yule kijana wa ng'ambo ya mto, fundi seremala, aliyekuwa akikaa benchi la nyuma kanisani ili akuone ukitoka. Watu wake walileta pombe ya mbege mara mbili kukuposa. Mara ya tatu alikuja shangazi yake peke yake, mikono mitupu, nikajua kabla hajaketi. Wewe ulikuwa misheni. Alikunywa maji, akaulizia goti la bibi yako, kisha akasema:

"Mama Raheli, binti yenu tunampenda. Lakini kwetu kuna wazee, na wazee wamesikia kwamba alikula nyoka utotoni, tena kwenye kibuyu cha maziwa."

Nikasema, "Watu husema mengi."

Akasema, "Ndiyo, nasi tungemwita mwongo mtu mwingine yeyote. Lakini aliyesema ni wewe. Dada yangu alikuwepo mtoni. Alikusikia kwa kinywa chako."

Akaningoja. Nakuambia aliningoja, Raheli, mama yule hakuwa mbaya. Alinipa muda wa kutosha kuchemsha maji. Ningesema tu, nilidanganya siku ile, niliona aibu mbele ya wenzangu, mtoto wangu hakula kitu. Maneno ni hayo, si mengi. Nilitazama miguu yangu. Akaaga.

Uliporudi jioni ukauliza. Nami nikakuambia, "Wamesema hawataki msichana anayeshinda na penseli."

Sijui neno lile lilitoka wapi. Labda kwa sababu penseli ilikuwa mkononi mwako. Hukulia. Ulikwenda darini ukashusha michoro yako yote, yule kinyonga, ua la mgomba, ndama wetu aliyezaliwa na doa jicho moja, ukaitia motoni chini ya chungu cha loshoro, kile chakula chetu cha mahindi na maziwa. Mimi nilikuwa nakoroga. Niliona ndama akijikunja. Kisha nikapakua na tukala, mimi na wewe na bibi yako, na nikasema kimeiva vizuri.

Mwaka mzima hukushika penseli. Na katika mwaka huohuo, sikiliza, ndipo uliponitendea jambo ambalo nalishukuru kuliko yote. Uliokota kipande cha mkaa, ukaniketisha mbele ya lile gogo la nyuma ya nyumba, ukaandika A.

Nikasema, "Si umeacha hayo?"

"Mkaa si penseli, mama."

"Na mimi nisome ili iwe nini, mtu mzima?"

Ukasema, "Wanaume hawataki mwanamke wa penseli. Basi tujifunze wote wawili, tukose kuolewa pamoja."

Nilicheka, nikaingia ndani, nikakaa gizani kwenye pembe wanapolala ng'ombe mpaka uso ukauka. Ulikuwa unanifariji kwa kidonda nilichokutia mimi, na hukujua, na nikakuacha usijue. Kila herufi hapa umenipa wewe kwa mkaa ule. Ninapokuandikia hivi natumia mali yako.

Halafu akaja Daktari, anatembea ndani ya mto na suruali yake imekunjwa, anatafuta samaki. Kijiji kizima kilisema Mzungu huyu amerukwa na akili. Mkono wake unatetemeka kwa homa, unajua, hawezi kuchora mstari, na samaki akifa rangi yake inaondoka kabla hajapata wa kumchorea. Ulipita na ndoo ya maji, ukasimama, ukatazama anavyohangaika. Ukachukua penseli mkononi mwake bila kuombwa. Nililiona hilo kutoka juu kwenye migomba. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, na nilikuwa na jembe mkononi, nikaliacha likaanguka, likakosa mguu wangu kwa kidogo tu.

Na sasa neno ambalo nimekuwa nikijiambia, na wewe usije ukaniambia kwa huruma. Usiseme kwamba kama nisingedanganya ungeolewa ng'ambo na usingefika kwenye meli. Nimelijaribu neno hilo, ni tamu, nimelitema. Uongo wangu haukukufikisha popote. Uliokufikisha ni mkono wako, ule uliokaa mwaka mzima bila kazi kwa ajili yangu na bado haukusahau.

Nawashukuru watu wengine pia, maana leo nimefungua mlango huo. Mwalimu wa misheni aliyekuwa akikuachia karatasi zilizoandikwa upande mmoja. Na Salimu, mpishi wa Daktari, yule wa Tanga mwenye maneno mengi. Nilipokwenda kambini kwao mwezi uliopita kuuliza unakwenda na watu gani, alinikuta nimeziba pua karibu na kikaango chake.

"Shikamoo, mama. Nyinyi watu wa mlima bwana. Damu ya ng'ombe mbichi mnakunywa, samaki wa watu mnamkimbia."

Nikamwambia, "Ng'ombe namjua mama yake. Wewe huyo unamjua mama yake?"

Akageuza yule samaki, akamtazama vizuri, akasema, "Huyu nilimjua hadi bibi." Nikacheka, nikaondoa mkono puani. Kisha akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Binti yako, mama, samaki akikata roho mkononi mwake huwa anaacha kuchora kidogo. Sisi wavuvi na wapishi hatufanyi hivyo. Nitamtazama mpaka melini, usiwe na shaka."

Yeye aliliona kwa miezi michache. Mimi niliambiwa mtoni kwa maneno, niwafuge, sikuona.

Kwa hiyo sikia ninavyofikiri juu ya siku ile yenu, kwa kuwa mpango hatujaumaliza. Ulisema mtafika asubuhi, Daktari ataingia nawe, kisha utaachwa na kigoda chako mpaka wafunge. Ulikuwa unataka kuanza na wale wakubwa kwa sababu ndio watakaochukua muda. Usianze nao. Anza na kioo chenye wadogo, na usitoe penseli. Unamkumbuka yule ng'ombe mwekundu tuliyemleta kutoka kwa Wamasai, hakutaka nimsogelee? Niliketi karibu naye siku tatu namenya ndizi, simtazami. Siku ya nne akajisogeza mwenyewe. Kwa ng'ombe nilijua kungoja. Kwa watu nilikuwa na haraka siku zote, najibu waliosimama pembeni kabla ya kuuliza aliye mbele yangu. Wewe keti mpaka samaki wakuzoee. Watu watapita nyuma yako, watanong'ona, wengine hawajapata kuona mtu mwenye rangi yetu, pengine watakutazama wewe kuliko vioo. Waache. Hutaelewa wanalosema, na kutoelewa huko siku hiyo kutakuwa heri.

Na kama utamwona mtu yeyote huko, mkubwa au mdogo, anafanya jambo usilolielewa, muulize mara moja tu, wewe unafanya nini. Kisha ngoja ajibu. Ningekupa zawadi gani nyingine, sina, ila hiyo niliyoikosa mimi.

Mchana huu, kabla ya kushika karatasi, nilikwenda mpakani mwa shamba kukata jani la isale. Unajua jani lile. Mtu akikuletea isale kuomba radhi, hukatai, hata kama amekuchomea nyumba. Wazee wako wote hawajapata kulikataa. Nililishika, nikaweka kisu, kisha nikaliacha kwenye shina lake, nikarudi mikono mitupu.

Bibi yako aliniona, akauliza, "Ulikwenda kukata nini?"

Nikasema, "Sikukata."

Ningekuletea jani lile ungenisamehe, kwa sababu lazima usamehe. Nimekwisha kukuamulia mara tatu, mtoni, mbele ya shangazi yule, na kando ya chungu. Hii ya nne iwe yako. Nataka uwe na uwezo wa kunikatalia.

Nasikia mnakamua nguo, mtaingia sasa hivi. Barua hii nitaiweka ndani ya daftari lako la kuchorea, ukurasa wa kwanza usio na kitu. Ukishaisoma usije kuniamsha, wala usinijibu usiku. Mimi kwa machozi nitakushika miguu, nawe kwa huruma utasema ndiyo upesi, na itakuwa kama jani.

Asubuhi nitakuwa mlangoni na maziwa. Ukisimama mbele yangu ukafungua kanga kifuani, nitakubariki. Ukipita, nitayaweka maziwa chini, nitachukua sanduku lako kichwani nikusindikize mpaka kwenye gari la Daktari, nami nitakuwa mama yako njia nzima, na sitakuuliza.

Asante kwa kuniandikia ile A.

Mimi mama yako